Jogoo Amekomboa Mpini Tu

Kunibert, mla usipa,

Shikamoo sikupi. Hata ukiwa kaburini, bado nimekuzidi masika mawili, kwa hiyo wewe ndiye uniamkie, nami nitaitikia nikipenda. Nakuandikia kwenye daftari la darasa la pili nililopewa na Mwalimu Winfrida, mkuu wetu wa shule, kwa mkono ulioishia darasa la nne. Ukiona mstari unapanda mlima, ujue mwandishi ni Mmatengo wa milimani.

Kwanza nakushitaki. Umeniponza.

Unakumbuka siku tuliyokuzika? Ulikuwepo, ila kwa mara ya kwanza hukuwa na la kujibu. Mimi nikafanya kazi yangu ya mtani. Nikaingia jiko la shule, nikaubeba mwiko wako mkubwa wa kuwapikia wanafunzi, ule uliokuja nao kutoka ziwani ukiwa kasia ukauchonga upya, nikasimama nao ukingoni mwa kaburi. Nikatangaza: "Huyu mvuvi aliyeshindwa na samaki haingii kwenye ardhi yetu mpaka nipewe jogoo!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mkeo Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua sasa jogoo analetwa, narudisha mwiko, tunakufukia, naenda zangu kula.

Winfrida akainuka. Unamjua yule mama, hacheki bila kibali. "Mzee Otmari, mwiko ni wa shule, na shule haina jogoo. Anayeushika ndiye mpishi. Jumatatu, alfajiri."

Kunibert, makaburi yote yalilipuka kicheko. Hata padri aligeukia migombani, mabega yanatikisika. Nilidhani ni utani. Jumatatu akaja mwenyewe kunigongea mlango.

Na ulituacha pabaya, wewe. Upepo ulishachukua bati za madarasa mawili na za jiko. Mahindi ya wanafunzi yalilowa. Kahawa ilikataa mwaka ule, kila nyumba inajitazama yenyewe. Watoto wa kule bondeni wanatembea asubuhi nzima, na wakikosa kande mchana, kesho hawaji. Hilo ulilijua. Ndiyo maana nilikukuta unakoroga mvuani, mwavuli umeuinamisha juu ya sufuria, wewe mwenyewe unachuruzika. Nikakucheka pale barabarani: "Mnyasa kalikumbuka ziwa lake!" Ukajibu, "Mimi nimezoea maji, maharage hayajazoea." Baada ya hapo kikohozi. Mwavuli ule bado nakucheka nao, lakini siku nyingine kicheko kinaishia njiani.

Haya, uji wangu wa kwanza. Watoto waliuliza kama ni lami iliyobaki kwenye barabara ya Mbinga. Mwalimu Hyera wa hesabu alikunywa kikombe kizima amefumba macho, akasema, "Mzee wangu, umejitahidi," akaenda kufundisha. Yule kijana ana moyo wa askari. Madarasa mawili aliyafundisha ndani ya kanisa kwa wakati mmoja: moja limetazama altare linafanya hesabu za sehemu, jingine limetazama mlango linasoma historia, yeye katikati anageuka kama kuku kwenye moto. Na koti ni lile lile moja.

Erasto wa mashine alitusagia mahindi yote bure, huku analalamika tangu gunia la kwanza mpaka la mwisho. Wamama wa kwaya walileta maharage, kila mmoja bakuli lake kalificha ndani ya kitenge ili mwenzake asione uchache. Nami nikamimina yote mahali pamoja, uchache ukapotea.

Lakini watoto wakawa wanasema, "Babu, siyo kande ya Babu Kunibert." Nikaongeza chumvi. Siyo. Nikaongeza kitunguu. Siyo. Siku moja Gaudensia akanionea huruma, akaniletea kopo lako. Nikafungua, nikanusa.

Usipa! Vidagaa vyenu vya ziwani, vimetwangwa vikawa unga!

Mwizi wewe. Miaka yote nakula jikoni kwako, naapa mbele za watu kwamba mtu wa milimani hawezi kuuingiza usipa mdomoni, na wewe unanipakulia, unaniangalia, unauliza, "Niongeze, mtani?" Nami nasema ongeza! Nililia siku ile, Kunibert. Waliponiuliza nikasema moshi.

Ijumaa iliyopita bati mpya zilimaliza kupigwa, tukafanya sherehe ya kuwashukuru walioibeba shule. Hyera alivikwa koti jipya, akalishika-shika kama la kuazima. Erasto alianza kulia kabla hajaitwa. Wamama wa kwaya waliambiwa leo kaeni mpakuliwe; wakakaa kidogo, mara wote wako jikoni wanaukagua wali wangu. Mimi nikapewa cheti. Cha kwanza maishani. Na chako nikakupokelea, kiko ukutani kwangu, chini kidogo ya changu, kama inavyostahili.

Ndipo Gaudensia akasimama na jogoo. Mwekundu, mnene, miguu imefungwa. Winfrida akasema mpishi mpya amepatikana, binti mzuri, amesomea kazi hiyo. "Mzee Otmari, leo tunaukomboa mwiko. Kapumzike."

Nilimngoja jogoo huyo tangu kaburini kwako, mtani. Nikampokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshika mwiko, pale ulipolainishwa na kiganja chako, na ukakataa kufunguka. Binti ananyoosha mikono kupokea.

Nikampima jogoo juu, chini. Nikasema, "Mwalimu, jogoo huyu anakomboa mpini tu. Huku kwenye bapa bado."

Na Winfrida, Kunibert, alicheka. Bila kibali cha mtu.

Kwa hiyo binti anakoroga sufuria la uji, mimi la kande. Jogoo tulimla na walimu, paja lako nikalila mimi.

Lala, mla usipa. Nakuahidi kopo halitabaki tupu, na watoto wa bondeni watashiba mpaka mikono hii ikatae. Siku hiyo nitakuja na hilo kasia lako begani. Ila unisubiri ukingoni, maana unajua vizuri sana kuwa sijui kuogelea.

Mtani wako, mwenye cheti,
Otmari