Kigoda Kando ya Kihenge

Mtinko, 1975

Kaka Alute,

Shikamoo. Mtama umetoa masuke, na mwanangu Dorika ameanza kutambaa.

Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya, mama alikuwa akianguka ovyo. Haoni, na miguu yake bado inatembea ndani ya tembe letu la zamani. Ananyoosha mkono ashike kihenge cha mtama, anakuta hewa. Basi nikasuka kihenge kingine, nikakiweka upande ule ule, na kigoda cha marehemu baba kando yake, kama kule. Haanguki tena.

Ila sasa kila jioni anaongea na baba. Nilimkemea. Jana nilipita pale na mtungi kichwani, maneno yakanitoka: "Naomba kupita, baba."

Kigoda kikasogea.

Usinicheke. Njoo.

Mdogo wako,
Anastazia