Baba Anataka Kuja Tromsø Novemba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla baba yangu hajakata tiketi. Mimi ni mwalimu hapa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, huu mwaka wa tisa, na baba ana miaka themanini na moja, yuko peke yake Arendal, kule kusini, na alinikataza kuja huku akisema giza litanimaliza, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba nitalizoea, na ukweli ni kwamba sijalizoea, jua likishaaga mwishoni mwa Novemba, lisichomoze tena hadi Januari, nikitoka kazini najilaza na nguo zangu, vyombo vinaoza kwenye sinki, na taa ya dirishani nimeitegea iwake yenyewe ili majirani wadhani niko sawa, kwa sababu wenyeji hawalalamikii giza, wanavaa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, na kwenda zao. Miaka yote baba akitaka kuja nimempiga chenga: Januari baridi, Aprili barabara zinateleza, Juni jua halizami hutapata usingizi, Septemba mvua. Sasa daktari amemwambia baada ya mwaka huu asipande ndege tena, nikamwambia basi njoo Juni, wakati mimi niko mzima, naye akasema, "Mimi nataka Novemba, mwanangu. Usinipangie." Nimwambie nini ili abadili mwezi?

Gudveig

Gudveig, pole sana, lakini wewe huna shida ya majira, una shida ya uongo. Na usijione peke yako: hao wanaovaa ski, nusu yao huniandikia mimi kila Desemba.

Sasa nisikilize. Hakuna mgeni anayekuja Tromsø Novemba. Theluji haijashika, mvua inakupiga ubavuni, mawingu yanafunika hata ile miale ya rangi inayocheza angani usiku, wanayoifuata watalii. Mzee aliyebakiwa na safari moja tu hachagui mwezi huo kwa kutojua. Miaka tisa anakusikia kwenye simu, na anajua ni mwezi gani sauti yako huanza kufifia. Haji kutazama mbingu, bibi wewe, anakuja kukutazama wewe.

Kwa hiyo mpigie leo. Mwambie habari ya kitanda na vyombo, na mwambie alete koti la mvua na viatu vya misumari asiteleze kwenye barafu. Wiki hii hii nenda kwa daktari, usingoje jua likuage tena. Na siku ukimpokea uwanjani usijichangamshe. Hiyo ndiyo safari yake ya mwisho, usimfanye aje kumtembelea mtu ambaye hayupo.