Mkono wa Baba Mkubwa

Sumbawanga, 6 Februari 1955

Shikamoo Baba Mkubwa. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, mashaka ni juu yenu na mvua hizi. Mgongo wa Mama Mkubwa Bertilla vipi?

Hapa misheni Bruda Gaudensi ananifundisha kuchonga picha kwenye ubao. Unachonga, unapaka wino, unalaza karatasi juu, unaisugua kwa mgongo wa kijiko. Ulipochimba panabaki peupe, ulipoacha panatoka peusi. Nimejikata vidole, na ubao mmoja nimeupasua katikati. Picha ya kwanza kukubali ni hii: ni wewe, unampa mgeni kata ya pombe ya ulezi. Kwa furaha nimeituma hata Bruda hajaiona. Baba alipofariki wewe ndiye uliyenilea. Sina kingine cha kukushukuru.

Mwanao,
Kalisti

Namanyere, 14 Februari 1955

Marahaba mwanangu. Milele amina. Sisi tunapumua. Mgongo wa mama yako huuma wakati wa palizi. Siku ya ngoma hauumi.

Picha niliibandika ukutani, jana nikaita watu baada ya misa. Adolfu akaitazama, akasema, "Kumbe Zenon, wageni unawapa kwa mkono wa kushoto!" Wakacheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Tangu nizaliwe sijampa mtu kitu kwa kushoto. Kama huko mnafundishwa kudharau wazee, basi yatosha. Gari la Selemani linakuja huku Jumamosi ya tarehe 26. Panda urudi, shamba linakungoja.

Baba yako Mkubwa,
Zenon

Sumbawanga, 19 Februari 1955

Shikamoo Baba Mkubwa. Afya ninayo, amani sina.

Nisamehe. Ubaoni nilichonga mkono wa kulia, kama ulivyo. Lakini karatasi ikilazwa juu ya ubao, kulia hutoka kushoto. Bruda alikuwa amenionya juu ya herufi tu; mkono sikuufikiria. Alipojua nimeshaituma alishika kichwa. Nimechonga upya, nampa Selemani akuletee leo.

Napenda kazi hii kuliko ninavyoweza kusema. Lakini nilichonacho chote kimetoka kwako, kwa hiyo Jumamosi ijayo nitapanda gari. Ila moyo wako ukilegea, mwambie Selemani aniache.

Mwanao,
Kalisti

Namanyere, 27 Februari 1955

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, ulezi umesimama vizuri.

Selemani kanieleza jana jinsi ulivyosimama barabarani na mzigo kichwani, naye akakukatalia gari. Ni mimi niliyemtuma. Kusema kweli, kabla hata barua yako haijafika, mama yako alibandua ile picha akaishika dirishani, mgongo wa karatasi ukimwelekea yeye. Akaniita, "Njoo uone mkono wako." Nikauona, wa kulia. Nikanyamaza tu, maana nilikuwa nimekwisha nuna mbele za watu.

Hii mpya iko ukutani. Adolfu naye sasa anataka achongwe, nimemwambia apange foleni. Asante, mwanangu. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, mpaka mikunjo ya shingo.

Kaa, jifunze. Shamba nitalima na Flavian, mtoto wa shangazi yako.

Nina ombi. Mdogo wangu, baba yako, hakuwahi kupigwa picha, na wewe uso wake huukumbuki. Mimi ninao. Paji pana, masikio madogo, nyusi zilizokutana. Mdomo umenishinda kuueleza. Njoo Pasaka unitazame ninapocheka, ndio huohuo.

Baba yako Mkubwa,
Zenon