Tishari la Saba

Gitothua, Ruiru,
Jumatano, 15 Mei 2024.

Mpendwa dada Dianah,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka nyumbani. Baridi ya huko imepungua? Na lile goti lililokusumbua wakati wa Pasaka linaendeleaje? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama yetu, Mwaitu, yuko Ngoliba, macho ya uzee yamefifia kidogo, lakini bado anapalilia mbaazi zake mwenyewe na hataki msaada wa mtu. Mvua ya mwaka huu imetunyeshea kweli.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini nimekuwa kimya tangu Machi. Kila ukipiga simu nakuambia niko sawa na kukata haraka. Sikuwa sawa, dada. Acha nikueleze yote.

Unakumbuka kampuni yetu ya kukagua mizigo ilinituma ng'ambo, kwenye mdomo wa Mto Danube. Mahindi hushushwa mtoni kwa matishari, yale mashua bapa makubwa yasiyo na injini, mpaka kwenye meli iliyotia nanga. Kreni inachota kwenye tishari na kumwaga ndani ya meli. Mimi nilikuwa wa kuchukua sampuli, kupima joto na unyevu, kufunga mifuko kwa sili ili ijulikane ikifunguliwa, kisha kutia sahihi cheti kwamba mzigo ni mzuri. Mahindi yenyewe yalikuwa yanakuja kwetu Kenya kusagwa unga.

Matishari sita yalikuwa safi. La saba lilipendeza juu, manjano tupu. Kreni ilipochimba katikati, mvuke ukatoka na harufu ya gunia lililosahauliwa mvuani. Nikashuka, nikatia mkono. Moto! Mahindi yameshikana mabonge, yana ukungu wa kijani. Nikapunga mikono kreni isimame, lakini tayari kreni ilikuwa imemwaga mara nane katika chumba cha pili cha meli.

Msimamizi wa upakiaji akaniambia nichukue sampuli za juu tu. Nikakataa, nikampigia bosi wangu Obiero hapa Ruiru nikidhani atanitetea.

"Kitonga, tia sahihi urudi nyumbani," akasema. "Yakishasagwa, nani atajua?"

Dada, wewe ndiye uliyemshika ndugu yetu Kaveke akikata roho mwaka ule wa mahindi mabaya, macho yake yamegeuka manjano, na miaka yake ni sita tu. Ningetiaje sahihi?

Basi boti ya kunirudisha nchi kavu ikaacha kuja. Siku kumi na moja nilikaa kwenye ile meli, pasipoti yangu iko kwa wakala, mabaharia wameambiwa mimi ndiye ninayewachelewesha. Ng'ambo ya mto naona nguo za watu zimeanikwa, na siwezi kufika. Siku ya kumi na mbili nahodha mwenyewe akashuka nami kwenye tishari. Akavunja bonge kwa vidole, akalinusa, akatema mate majini.

"Haya hayapandi kwenye meli yangu," akasema.

Tishari likarudishwa. Kwenye cheti nikaandika kwamba chumba cha pili kina mahindi mabovu.

Nilidhani yameisha. Kumbe Obiero alikuwa ananingoja na barua aliyoiandika kwa jina langu, kwamba kipimajoto changu kilikuwa kibovu, akitaka niitie sahihi. Pasipoti akaninyang'anya, akaifungia kabatini mwake. Mkataba wangu nao unanikataza kufanya kazi hii kwingine kwa miaka miwili. Kwa hiyo kila siku naripoti saa mbili, nakaa kwenye stoo inayotazama ukuta mpaka saa kumi na moja. Sina kazi yoyote, na mtu wa kunisalimu ni Tausi wa mapokezi peke yake.

Meli ilipokaribia Mombasa, nusura niisaini ile barua. Nilikuwa nimechoka, dada, nisikufiche. Lakini mfuko mmoja wa sampuli za tishari la saba, sili yake haijaguswa, nilikuja nao begini. Niliomba ruhusa ya kwenda kununua dawa, nikaupeleka kwa wakaguzi wa nafaka wa serikali.

Juzi walinipigia. Wamepima wenyewe melini, na chumba cha pili kimefungwa. Hakuna punje itakayotoka humo.

Leo saa mbili nimeripoti kama kawaida. Obiero amepita mlangoni bila kuniangalia. Pasipoti bado iko kwake, na sijui atanifanya nini. Barua hii nakuandikia humu humu stoo.

Nisalimie shemeji Boaz na Mutheu mdogo. Mungu akufunike kwenye zamu zako zote, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Ukimpigia Mwaitu, tafadhali usimwambie lolote. Amelitangazia kanisa zima kwamba nimepandishwa cheo, ndiyo maana siku hizi nashinda ofisini.

Mdogo wako akupendaye,
Kitonga