Nilivyomuuliza Mzee Yohana

Mjukuu wangu Nakijwa,

Mlio wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, haujanitoka masikioni. Hapa kijijini Mamba hatujambo; babu yako anakusalimu, kikohozi kimempungua.

Umeniuliza kama hojaji pekee zitatosha kwa tasnifu yako. Enzi za Ujamaa, nikiwa nimetoka chuoni, nilitumwa kwenye shamba la mkonge kuchunguza kwa nini uzalishaji umeshuka. Niliwapanga wafanyakazi mstari, msimamizi wao kando yangu, nikawasomea maswali.

"Mashine ina hitilafu?"

"Haina, ndugu. Salama tu," alijibu Mzee Yohana, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza majani kwenye korona.

"Mwambie basi inavyoutamani mkono wako!" mwenzake akamtania, wakacheka. Msimamizi akawatazama, wakanyamaza. Nikaandika: haina.

Ningesimama naye saa moja tu kazini, ningeona kinga ya mashine imevunjika, imeshikizwa kwa kamba tu. Wiki iliyofuata mashine ilimvuta ndani, akafa. Tulimzika hukohuko Same, mbali na kwao Songea.

Hakunidanganya, mjukuu wangu. Nilimuuliza mahali ambapo asingeweza kujibu vingine.

Hojaji ulizotuma niwagawie wakulima wetu wa tangawizi sikuzigawa. Nimeshazungumza na mwenyekiti wao: Jumatatu unaanza kuosha tangawizi pamoja nao.

Bibi yako