KIKAO KUHUSU BUNDUKI YA MWANGA NA MEZA YA DIRISHANI

Kamati ya Umoja wa Mafundi wa Karakana ya Pamoja
Kikao cha saba, Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa tatu
Mahali: Karakanani, upande wa kuchomelea, baada ya kusogeza mageti mawili yanayosubiri rangi
Muda wa kuanza: saa 4:10 asubuhi

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (fundi wa kuchomelea)
2. Katibu (fundi saa), mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Fundi Runinga, mjumbe. Pia ni shemeji wa Mwenyekiti, mke wa mdogo wake
4. Seremala, mjumbe
5. Mshona Viatu, mjumbe

ASIYEHUDHURIA
Fundi Rangi. Alituma udhuru kwamba haingii humu mpaka yule mwanga aondolewe (soma Kumb. Na. 2/7).

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alisema hakuna haja ya maneno marefu, kisha akazungumza kwa dakika kumi na mbili kwa saa ya Katibu. Alieleza kwamba fundi anayeacha runinga za wateja na kuchezea bunduki za kwenye sinema hastahili meza ya dirishani. Alipendekeza Fundi Runinga ahamie kona ya makopo, na pale dirishani iwekwe mashine mpya ya kukunjia nondo. Alipoulizwa mashine ni ya nani, alijibu kwamba hilo si la leo.

Fundi Runinga alisema kona ya makopo ni giza tupu, na waya za runinga ni nyembamba kuliko unywele. Akihamishiwa kule, kazi yake imekwisha. Alilisema hilo kwa sauti ya chini.

KUMB. NA. 2/7: KUSAHIHISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu aliomba radhi. Kumbukumbu za kikao cha sita, zilizobandikwa mlangoni, zilisomeka: "Fundi Runinga alisema mwanga huyo yuko mezani kwake na anaweza kutoboa kitu akiwa mbali." Zilitakiwa zisomeke "mwanga huo uko mezani kwake na unaweza kutoboa kitu kutoka mbali." Kosa lilianza na herufi moja, likavuta wenzake. Wapita njia walielewa kwamba Umoja unafuga mchawi.

Mshona Viatu alieleza kwamba wateja wake watatu walikuja kuchukua viatu vyao vikiwa bado havina soli.

Fundi Runinga alisema, "Katibu, mama mkwe wangu hajanywa chai kwangu wiki nzima kwa ajili ya hiyo herufi yako." Mwenyekiti alithibitisha, kwa kuwa mama huyo ni mama yake mzazi na chai hiyo sasa anainywa kwake, tena na sukari nyingi.

Kosa ni la Katibu peke yake na limemuuma.

KUMB. NA. 3/7: JE, BUNDUKI YA MWANGA INAWEZEKANA?
Mwenyekiti alisema amechomelea miaka ishirini na hajaona mwanga ukitoboa chochote zaidi ya macho ya watu wabishi.

Fundi Runinga alijibu kwamba bunduki ya mkononi kama ya sinema bado ni ndoto. Ili itoboe ukuta ingetaka umeme wa jenereta nzima, na joto lake lingemuunguza kwanza aliyeishika. Vumbi na ukungu huudhoofisha mwanga. Watu wa sinema huukwepa, lakini mwanga hufika kabla mtu hajapepesa jicho. Seremala aliuliza kuhusu panga za mwanga zinazogongana. Alijibiwa kwamba zingepitana tu, kama taa za baiskeli mbili zinavyopitana barabarani. Seremala alionekana kuhuzunika.

Fundi Runinga aliongeza kwamba mitambo mikubwa ya namna hiyo ipo kweli, hubebwa na meli na malori. Wake ni mdogo, ameutoa kwenye projekta mbovu. Kisha alimwomba Katibu asome maneno ya Mwenyekiti katika Kumb. Na. 5/6. Katibu alisoma: "Hiyo taa yako ikitoboa hata puto, shemeji, nakuachia kiti hiki." Mwenyekiti alisema hajakana.

KUMB. NA. 4/7: JARIBIO
Miwani ya kuchomelea ilikuwa mitatu tu. Walivaa Fundi Runinga, Mwenyekiti na Seremala. Katibu na Mshona Viatu waliamriwa waelekee ukutani.

Mwenyekiti alikataa puto la Fundi Runinga akatoa la kwake mfukoni, jeupe, linaloonyesha ndani. Lilifungwa kwenye geti, hatua nne kutoka mezani. Mwanga ulipigwa. Katibu, akiwa ukutani, hakusikia kitu. Alichosikia ni kicheko cha Mwenyekiti, kirefu.

Fundi Runinga alisema, "Mwanga umepita tu, haujapata pa kushika." Aliomba dawa ya viatu nyeusi, akapaka nukta moja kwenye puto lilelile. Mwenyekiti alidai dawa ndiyo itakayolipasua. Mshona Viatu alijibu kutoka ukutani, "Naipaka viatuni kila siku, sijaona kiatu kilicholipuka." Hata hivyo walisubiri dakika tano. Puto lilitulia.

Saa 5:02 mwanga ulipigwa tena. Katibu alisikia mlipuko, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Anaomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

KUMB. NA. 5/7: MAAZIMIO
Seremala aliuliza kama mwanga huo unaweza kuandika juu ya mti. Ulijaribiwa kwenye mpini wa nyundo ukaandika, polepole lakini vizuri. Iliazimiwa mipini yote iwekwe alama za wenyewe, ugomvi wa nyundo uishe. Iliazimiwa pia kwamba meza ya dirishani ni ya Fundi Runinga. Waliounga mkono: wanne. Mwenyekiti alisema alikuwa akikuna kichwa, lakini mkono ulikuwa juu na umehesabiwa.

KUMB. NA. 6/7: MENGINEYO
Mwenyekiti alieleza kwamba suala la kiti lilikuwa utani. Seremala aliomba kumbukumbu zisomwe tena. Zilisema "kiti hiki", hazikusema "cheo hiki". Kwa hiyo cheo kilibaki.

Mwenyekiti alikifuta kiti kwa kitambaa, akakibeba mwenyewe hadi dirishani. "Kaa, shemeji," alisema. "Umenishinda." Fundi Runinga alikaa. Wajumbe walipiga makofi, Katibu naye, ndiyo maana mwandiko wa hapa umepinda.

Fundi Runinga alisema, "Mwambie mama leo chai iko kwangu. Na mwanga aje auone. Si amwone, Katibu. Auone."

Katibu ameandika hivyo hivyo.

Wajumbe walirudi kazini saa 5:40 asubuhi, jua likiwa limejaa mezani.

Zimethibitishwa na:

Mwenyekiti ........................ (hana kiti; amesaini akiwa amesimama)

Katibu ........................ (amesoma mara tatu, herufi kwa herufi)