Laini Namba Kumi na Nne

Santo Domingo, 9 Agosti

Dada yangu Nereida,

Salamu nyingi. Natumaini miguu yako haivimbi tena kwa kusimama wodini. Mimi ni mzima wa mwili, na barua yako nimeisoma.

Umeniandikia kwamba mgao wa umeme ukianza, mashine za kusafisha damu zinazimika, nanyi manesi mnazungusha damu ya wagonjwa kwa mkono, huku ulingo wa kupiganisha jogoo ng'ambo ya barabara unawaka taa zote. Mgonjwa wako, mzee Fermín, akatania kwamba kheri angezaliwa jogoo. Alhamisi mkamzika. Ukaniomba, kwa kuwa nafanya kazi na watu wa umeme, niulize ni mpumbavu gani aliyepanga hivyo.

Unaikumbuka programu yangu, ile inayochagua laini, yaani nyaya za mtaa gani, zikatwe umeme ukipungua? Niliiandika ili mji wowote uichukue na kuichomeka kwenye mitambo yake bila kazi mpya. Ofisini tuliiita Balbu. Miji kumi na moja imeichukua, na wenu umo. Nilitembea kifua mbele, dada.

Mpumbavu ni mimi. Balbu ilianzia kwetu Baní, mama alipokuwa akipumua kwa mashine, nawe ukaniambia kwenye simu, "Wilkin, fanya ufanyavyo, mama asikose umeme." Nyumba yetu ilikuwa laini namba kumi na nne. Pale ambapo fundi wa mji angejaza namba ya laini isiyokatwa kamwe, nikaandika kumi na nne mwenyewe, ndani kabisa ya programu. Mama alipofariki, nilisahau kuifuta. Mafundi wenu wanajaza namba ya hospitali, na Balbu haiisomi. Huko kwenu kumi na nne ni ya ulingo.

Nilimwendea bosi, don Eladio. Akacheka, "Kitu kinafanya kazi, unakichokonoa cha nini?" Nilipomweleza yote, akanifungia nisiiguse Balbu hadi wanasheria waseme. Nikawapigia mafundi wenu. Wakaniambia hawaruhusiwi kuifungua, nimtafute aliyeiandika.

Nisalimie shemeji na watoto. Mjane wa Fermín mpe pole, nami sijui utamwambia imetoka kwa nani. Jumapili nilikwenda kaburini kwa mama. Nilishindwa kumwambia kwamba umeme wake bado haujakatwa.

Mdogo wako,
Wilkin